Namba 143 kwa Mstari Mmoja: Jifunze seq Kabla ya TP

Wenzangu mnaojiandaa kwenda TP, someni hili kabla hamjapanda basi.

TP yangu niliifanyia Itaka, kule Mbozi mkoani Songwe. Nikapewa kazi ya kuandaa namba za mtihani wa majaribio kwa watahiniwa 143 wa Kidato cha Nne. Niliandika kwa mkono, usiku, kwa tochi ya simu. Namba 0073 nikaiandika mara mbili. Watu wawili wakawa na namba moja, alama zao zikachanganyika. Matokeo yalipobandikwa, binti mmoja alikuta F ya Hisabati isiyo yake. Alilia mbele yangu. Kosa lilikuwa langu, na kulirekebisha ilibidi tulinganishe miandiko karatasi kwa karatasi.

Jamani, kazi ile kompyuta inaimaliza kwa sekunde. Fungua terminali kwenye Linux, au Termux kwenye simu ya Android, andika:

seq 1 143

Utapata 1 hadi 143, kila namba na mstari wake. Ukiweka namba tatu, ya katikati ni hatua: seq 5 5 50 inaruka tano tano, na seq 10 -1 1 inarudi nyuma.

Sasa sifuri za mbele. Amri ya seq -w 1 143 inasawazisha urefu, ila hapa wengi wanateleza: inatoa 001, siyo 0001, kwa sababu namba ndefu kuliko zote ina tarakimu tatu. Ukitaka nne, taja mwenyewe:

seq -f '%04g' 1 143 > namba.txt

Hiyo 04 maana yake ni tarakimu nne, pengo lijazwe sifuri. Alama ya > inapeleka namba zote kwenye faili.

Majina yakiwa kwenye majina.txt, jina moja kila mstari, yaunganishe:

paste namba.txt majina.txt > orodha.txt

Lakini kuwa makini. seq haijui nani ni nani, na paste hailalamiki orodha moja ikipungua. Kwa hiyo hesabu mistari kwanza:

wc -l namba.txt majina.txt

Mafaili yote mawili yasome 143. Yakitofautiana, usiprinti kitu. Tafuta jina lililoruka.

Zoezi: andika amri itakayotoa 002, 004, 006 hadi 100. Ukiona 2 badala ya 002, rudi kwenye aya ya sifuri.