Fahamu Gesi Asilia: Si Kila Kiputo Ni Utajiri

Mwaka 2012, kisima cha Mbawa-1 kilichochimbwa baharini, nje ya pwani ya Kenya, kilikuta gesi asilia. Hata hivyo, haikufikia kiwango cha kibiashara. Je, gesi hutokeaje, na kwa nini kuipata si sawa na kuivuna?

Kwa mamilioni ya miaka, mito hubeba mchanga na matope hadi mabondeni na baharini. Mabaki ya mimea na viumbe vidogo vya majini hufukiwa humo, tabaka juu ya tabaka.

Gesi hutokana na mabaki hayo kwa njia mbili. Karibu na uso wa ardhi, vijidudu huyala na kutoa methani. Hiyo ndiyo hutoa viputo kwenye vinamasi. Kina kikiongezeka, joto hupanda takriban nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Kuanzia nyuzi 60 hivi, mabaki huanza kugeuka mafuta. Joto likizidi 120, gesi huongezeka.

Maabara huweza kuzitofautisha. Gesi ya vijidudu karibu yote ni methani, tena yenye kaboni nyepesi zaidi. Ile ya joto mara nyingi huandamana na ethani na propani.

Gesi ikishatokea, hupanda. Ili ijikusanye, huhitaji mwamba wenye vitundu, kama ule wa mchanga, na juu yake mwamba usiopitisha gesi, uliokaa mfano wa bakuli lililofunikwa kifudifudi. Kimoja kikikosekana, gesi hutoroka. Hata penye gesi ya kutosha, subira huhitajika: gesi ya Songo Songo, Tanzania, iligunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004.

Mwananchi, zingatia haya:

• Ukiona viputo au kunusa harufu ngeni kisimani, usiwashe moto wala usiingie ndani. Mjulishe chifu au afisa wa maji.

• Usiuze shamba kwa bei ya uvumi, wala usinunue kwa tamaa ya gesi. Kwa mujibu wa Katiba, mafuta na gesi vilivyo ardhini ni mali ya umma. Sheria ya Petroli ya 2019 hutenga asilimia 20 ya mgao wa serikali kwa kaunti husika na asilimia 5 kwa jamii ya eneo hilo.