Dhiki ya Moyo na Furaha ya Miraa

Katika darsa yetu ya hapa Kakamega kijana mmoja aliuliza: "Sheikh, mtu aliyezidiwa na deni akila miraa huona kifua kimefunguka. Basi vipi mwaikataza dawa?" Swali hili si la kuchekwa, wala haitoshi kulijibu kwa neno "haramu" tukanyamaza.

Jueni, ndugu zangu, ya kwamba juu ya kila figo Mwenyezi Mungu ameweka tezi ndogo. Mtu akipatwa na khofu, ubongo hupeleka amri, na tezi hizo humimina katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga mbio, sukari huzidi katika damu, mtu akawa tayari kukimbia au kupigana. Hii ni rehema. Kortisoli hiyo hufika hata ubongoni, ikaitia nguvu dopamini, mjumbe wa mishipa ya fahamu ambaye kazi yake ilibainishwa na Arvid Carlsson wa Sweden mwaka 1957. Dopamini ndiyo imtiayo mtu hamu ya kutenda na kutaraji kheri.

Lakini dhiki ya saa moja ikigeuka ya miezi, kazi ya dopamini huweza kufifia. Chakula hakina ladha, wanawe hawamfurahishi, hata swala humwelemea. Hapo watu husema imani yake ni haba, au ana shetani, wakampeleka kupungwa. Huu ni ujinga, tena ni kumdhulumu mgonjwa.

Ama miraa, ndani yake mna kathinoni, nayo hupungua majani yakikauka. Ndiyo sababu hufungwa katika majani ya mgomba. Kathinoni huilazimisha mishipa kutoa dopamini kwa wingi. Basi kifua kufunguka ni kweli, lakini mlaji hakuongezewa kitu. Ametumia akiba yake mwenyewe. Usiku usingizi humkimbia, asubuhi huzuni humrudia, na fedha ya kulipia deni imekwenda kwa muuza miraa.

Nikamwuliza kijana: "Deni lenyewe lilitoka wapi?" Akajibu: "Arubaini ya marehemu baba. Tulikopa mchele na ng'ombe." Na waliokula pilau hiyo ndio hao wamwambiao imani yake ni haba!

Mtu kama huyu huanziwa kwenye deni, alale usiku, amwone daktari, na huku akisaidiwa kuacha miraa. Siku ya pili baadhi yetu tulimwendea mwenye duka aliyekopesha mchele, akaridhia kulipwa kidogo kidogo.