Gari Ikitetemeka, Usimjibu Mteja "Ni Teknolojia" Kabla Hujaipima

Wauzaji wenzangu wa magari na spea za mtumba mtandaoni, leo tuongelee injini zinazopumzisha silinda zenyewe, hasa ile ya Golf 7, 1.4 TSI. Mteja akitoka Singida kwa nauli yake, akafika Dodoma akakuta injini inatetemeka, umempoteza yeye na watu wake wote.

Inavyofanya kazi ni hivi. Volkswagen walileta mfumo huu kwenye 1.4 TSI mwaka 2012, wanauita ACT. Ukiwa unatembea mwendo wa kawaida bila kukanyaga sana mafuta, kompyuta ya gari inafunga valvu za silinda ya 2 na ya 3, nozeli zake zinaacha kumwaga petroli, gari inasukumwa na ya 1 na ya 4. Ukikanyaga, zote nne zinarudi kazini. Ila si kila Golf 7 inayo. Ya 1.2 haina, kwa hiyo usiiandike kwenye posti kisa umeona neno TSI.

Sasa shika hapa: mfumo unaingia kati ya RPM 1,400 na 4,000. Gari ikiwa sailensa mshale uko chini ya 1,000. Maana yake ikiwa imesimama hapo yadi, silinda zote nne zinatakiwa kufanya kazi. Ikitetemeka, hiyo ni misi. Nimeshasikia dalali anamwambia mteja "Mjerumani huyo, anapumzisha silinda mbili" na gari iko sailensa! Mteja akienda kwa fundi wake, uongo unajulikana siku hiyohiyo.

Mimi napima hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi nachomeka kidude cha OBD, vile vya kusomea kwenye simu vinatosha, naangalia kodi (siyo ya TRA, hii ni namba ya kosa). P0301 hadi P0304 ni misi, na tarakimu ya mwisho ndiyo silinda yenyewe. Watu wanachanganyikiwa wakiona P0302 au P0303, kwa sababu ni silinda zilezile zinazopumzishwa. Usikimbilie kulaumu mfumo. Tuseme imetoka P0303: zima injini, badilishana koili ya silinda ya 3 na ya 1, futa kodi, washa. Misi ikihamia ya 1, koili imekufa, na hapo umepona, koili unabadilisha tu. Ikibaki ya 3, badilishana plagi vilevile. Bado ipo? Mpe fundi apime kompresheni na valvu, maana inawezekana valvu zimegoma kufunguka. Hapo bei yako ya kuuza nayo inabadilika. Na usiizungushe mjini na misi, petroli isiyoungua inaenda kuharibu masega.

Sailensa ikiwa safi, ingia barabarani. Mimi natokea Nala kuelekea Bahi, kuna sehemu tambarare ndefu. Injini iwe imepata moto, shika 70 au 80, mguu mwepesi. Kwenye skrini ya dashibodi, upande wa matumizi ya mafuta, itaandika kwamba inatumia silinda mbili. Kanyaga, maandishi yatoke. Achia, yarudi. Yasipotokea, jaribu tena wakati wa kurudi kabla hujaamua kwamba mfumo haufanyi kazi. Wakati wote huo abiria ndiye arekodi, siyo wewe dereva.

Nikipandisha posti naweka video mbili, moja ya kuwasha asubuhi mshale wa RPM ukionekana, nyingine ya dashibodi barabarani. Chini naandika: "Sailensa imetulia, kodi hakuna, silinda mbili zinapumzika na kurudi. Njoo na fundi wako." Mfumo ukiwa haujaingia naandika hivyohivyo, "silinda hazipumziki", na bei naishusha kabla mteja hajaniomba.