Namba 4,294,967,297 na Dhana ya Fermat

Namba nzima huainishwa kwa njia nyingi: kuna shufwa na witiri, na kuna tasa na zisizo tasa. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1, na ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Tarakimu ya mwisho ya 4,294,967,297 yatosha kuonyesha kuwa namba hii ni witiri. Lakini je, ni tasa? Swali hilo lilingoja jibu kwa zaidi ya miaka 90.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria aliyependa hisabati, alichunguza namba zipatikanazo kwa kujumlisha 1 na 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Fermat akaamini kwamba zote zifuatazo ni tasa pia, ila hakuwa na uthibitisho. Ya sita ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kuwa namba hiyo hugawanyika kwa 641. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii hubakiza 1 kikigawanywa kwa 64. Namba tasa za namna hiyo, kuanzia ndogo kabisa, ni 193, 257, 449, 577 na 641. Kwa hiyo kigawo hupatikana katika jaribio la tano tu.

Mwanafunzi aweza kuhakikisha jambo hili bila kugawanya:

641 = 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 2⁴ = 641 − 5⁴.

Zidisha pande zote kwa 2²⁸. Kwa kuwa 5 × 2⁷ = 640, hupatikana:

2³² = 641 × 2²⁸ − 640⁴

2³² + 1 = 641 × 2²⁸ − (640⁴ − 1)

Lakini 640⁴ − 1 = (640 + 1)(640 − 1)(640² + 1) = 641 × 639 × 409,601.

Sehemu zote mbili zina kigawo 641. Kinachobaki ni 268,435,456 − 261,735,039 = 6,700,417, ambayo nayo ni tasa. Basi:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Namba hii, kwa hiyo, si tasa, bali ni zao la namba tasa mbili. Tena vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe, yaani 1, 641 na 6,700,417, vikijumlishwa hutoa 6,701,059 tu. Kwa hiyo si namba kamilifu, bali ni pungufu.

Funzo lake ni kubwa. Mifano mitano iliyokubali haikuwa uthibitisho. Mfano mmoja uliokataa ulitosha kuiangusha dhana nzima. Hata leo, baada ya 65,537, haijapatikana namba tasa nyingine ya Fermat. Wala haijathibitishwa kwamba hakuna.

Zoezi: Kanuni n² + n + 41 hutoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39. Chunguza n ikiwa 40, kisha eleza sababu.