SOMO LA AFYA: Jinsi Mafuta Yanavyolegeza Mishipa ya Damu

Mkulima wa Kata ya Kakese arudipo shambani jioni huku mgongo ukimwuma, njia ya haraka huwa ni kununua vidonge vya kutuliza maumivu dukani. Maumivu hupoa, naye hulala. Hata hivyo, baadhi ya vidonge hivyo vikitumiwa siku nyingi mfululizo huweza kupandisha shinikizo la damu. Ili kuelewa sababu yake, ni muhimu kwanza kufahamu kazi ya mafuta ndani ya mishipa.

Ukuta wa mshipa unaosafirisha damu kutoka moyoni una utando mwembamba kwa ndani, na nje yake kuna tabaka la misuli. Misuli hiyo ikikaza, njia ya damu huwa nyembamba na shinikizo hupanda. Ikilegea, mshipa hutanuka na damu hupita kwa urahisi.

Chembe hai za utando huo zimehifadhi asidi za mafuta katika kuta zake. Damu inapopita kwa kasi, baadhi ya asidi hizo hukatwa na kubadilishwa na vimeng'enya kuwa viini vipya. Kimojawapo ni prostasiklini, kilichogunduliwa mwaka 1976. Kiini hicho huiamuru misuli ilegee na huzuia damu kuganda ovyo. Viini vingine hufungua vijilango vya madini ya potasiamu katika misuli, nayo hulegea vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, chembe sahani za damu hutengeneza thromboksani, ambayo hukaza mshipa na kugandisha damu ili jeraha lisivuje. Afya ya mishipa hutegemea mizani kati ya pande hizo mbili. Kwa ugunduzi unaohusu viini vya jamii hii, wanasayansi Sune Bergström, Bengt Samuelsson na John Vane walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza viini hivyo. Pamoja na maumivu, hupungua pia vile vinavyolegeza mishipa, hususan ya figo. Figo hubakiza chumvi na maji mwilini, na shinikizo hupanda. Hatari ni kubwa zaidi kwa mzee, mgonjwa wa figo na mtu ambaye tayari ana shinikizo la juu la damu.

Chakula nacho kina nafasi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la The Lancet ulilinganisha wanakijiji wa Lugalawa, wilayani Ludewa, waliotegemea zaidi mazao ya shambani, na wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku. Walaji wa samaki walikuwa na shinikizo la chini zaidi, na damu yao ilikuwa na asidi nyingi zaidi za mafuta ya aina ya omega-3. Mkoa wa Katavi unapakana na Ziwa Tanganyika, na dagaa na migebuka wa ziwa hilo ni kitoweo kinachofahamika Mpanda. Ni vyema wapikwe kwa chumvi kidogo.

Hivyo basi, wakazi wanashauriwa:
- Kupima shinikizo la damu hata wasipojisikia vibaya. Kipimo kinachofikia 140/90 mara kwa mara kinahitaji ushauri wa mtaalamu.
- Kumweleza mtoa dawa kuhusu shinikizo, ugonjwa wa figo au ujauzito kabla ya kununua dawa ya maumivu.
- Kufika kituo cha tiba iwapo maumivu yanaendelea, badala ya kurudia vidonge.
- Kutoacha dawa yoyote iliyoandikwa na daktari bila kumwuliza kwanza.

Shinikizo la juu la damu aghalabu halina dalili, na kiharusi hakibishi hodi. Kinga huanza kwa kipimo.