Kwa Nini Ng'ombe Wetu Hakushika Mimba

Nataka kueleza jambo lililotugharimu nyumbani kwetu Butiama. Baba alikuwa na ng'ombe jike mmoja wa kienyeji, akatamani ndama chotara, ili baadaye maziwa yauzwe Musoma nasi tupate sare na madaftari. Akamwita mhimilishaji kutoka Bunda. Mara mbili alilipa. Mara mbili ng'ombe hakushika mimba. Majirani wakasema mbegu za mrijani ni maji matupu.

Mhimilishaji alipokuja mara ya tatu aliuliza, "Mzee, joto mlilionaje, na saa ngapi?" Baba alinitazama, kwa kuwa mchungaji ni mimi. Sikuwa na jibu.

Mbegu hazikuwa na kosa. Hutayarishwa kutoka kwa madume bora katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha, na huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kosa lilikuwa letu, nalo ni la wakati. Yai la ng'ombe hutoka saa kadhaa baada ya joto kwisha, na huishi saa chache tu. Mbegu zikitangulia mno hufa. Zikichelewa hukuta yai limeharibika.

Basi, yatupasa kushika mambo haya:

1. Mwangalie ng'ombe alfajiri na jioni. Dalili iliyo kuu ni kusimama kimya anapopandwa na wenzake. Nyingine ni kulia, kutotulia, na kutoka ute mwangavu. Ng'ombe wa kienyeji huonyesha dalili kwa muda mfupi, na mara nyingi usiku.

2. Akionekana asubuhi, ahimilishwe jioni; akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi.

3. Apate majani, maji na chumvi ya madini. Aliyekonda kwa kiangazi huenda asipate joto kabisa.

4. Aliyezaa apumzishwe siku 60 hivi.

5. Andika tarehe. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Lisiporudi, huenda ameshika.

Tangu siku ile niliandika kila kitu. Siku ya 21 ilipita kimya, na baada ya miezi 9 tulipata ndama jike.

Wenzangu, likizo hii rudini nyumbani na daftari moja la ng'ombe.