Mtoto Anayemwogopa Muuguzi

Tukitoka Bukavu kwenda kupima watoto katika vijiji vya milimani, upande wa Walungu na Kaziba, gari halijasimama, nao wadogo wamekwisha kujificha nyuma ya nguo za mama zao. Nyumbani wamesikia, «Ukilia, nitamwita mganga akuchome sindano.» Mama, usiseme hivyo tena. Neno hilo litarudi siku mtoto atakapougua kweli.

Mimi nami nalikosa. Aliletwa kwetu kutoka milimani msichana wa miaka mitatu mwenye bwaki, miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi. Nalimshika kwa nguvu nimpime. Alilia mpaka akachoka, na maziwa niliyompa akayatema siku nzima. Mtoto wa bwaki asiyekula hufa upesi.

Kesho yake naliketi mkekani, nisimtazame. Nalisokota mtoto wa majani makavu ya mgomba, nikampima mkono kwa ule utepe wenye rangi tatu. Nikampima na bibi yake, bibi akacheka. Kisha nikauacha utepe pale. Baada ya muda mrefu msichana akauvuta, akampima mtoto wake wa majani. Ndipo akaninyoshea mkono wake mwenyewe. Utepe ukaonyesha rangi nyekundu, maana yake chini ya sentimita 11.5, nayo ni hatari. Jioni mtoto wa majani alinyweshwa kwanza, halafu yeye akanywa. Hakumaliza kikombe, lakini alikunywa.

Usidhani huku ni kupoteza saa. Bwaki humnyamazisha mtoto, hachezi, hacheki. Kwa hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, liliweka mchezo pamoja na chakula na dawa: dakika 15 mpaka 30 kila siku. Wala haununuliwi. Mpira wa majani ya mgomba unatosha, au kopo lenye kokoto, likifungwa vizuri asizimeze.

Lakini usimdanganye. Sindano ikija, usiseme haiumi. Sema, «Itauma kidogo, mama atakushika.» Akidanganywa leo, kesho hata mpira wako hataugusa.

Soma Marko 10:13-16. Wanafunzi waliwakemea waliowaleta watoto. Bwana Yesu aliwakumbatia kwanza, kisha akaweka mikono juu yao.

Maswali: Mtoto wako huchezea nini? Ni nani nyumbani kwako anayemtisha kwa sindano?